Sindano Moja: Tarajio la Mzazi katika Tarikhi ya Isiolo

Msafiri ateremkaye kutoka Timau, akayaacha nyuma mashamba ya ngano na baridi ya Mlima Kenya, akaingia katika joto la Isiolo kabla hajapata wasaa wa kuvua sweta lake, aghalabu hudhani kwamba amefika katika mji wa soko tu, mji wa ngamia na mirungi na magari ya kwenda Moyale. Wala haimpitikii kwamba mji huu, kabla ya kuwa soko, ulikuwa mlango, na kwamba mlango huo uliwekwa na Waingereza kwa makusudi mawili yaliyofungamana: kuwazuia watu wa kaskazini wasishuke bila ya idhini, na kuwazuia ng'ombe wao wasishuke bila ya sindano.

Kizuizi cha watu kilisimama juu ya sheria, ile ya Wilaya za Pembezoni ya mwaka 1902, na baadaye ile ya Wilaya Maalumu ya mwaka 1934, ambazo kwazo mtu wa Mpaka wa Kaskazini hakuweza kwenda kusini, wala mgeni kuingia kaskazini, pasipo cheti cha ruhusa. Na athari yake imedumu katika ndimi hadi zama zetu, kwani mzee wa Merti au wa Garba Tula akipanda gari la Nairobi bado husema kwamba anakwenda Kenya, kana kwamba alipotoka ni nchi nyingine. Kizuizi cha mifugo kilisimama juu ya hofu. Walowezi wa nyanda za juu walichelea homa ya mapafu ya ng'ombe, na kwa hiyo kundi lililotoka kaskazini lilizuiliwa katika ardhi ya karantini ya Isiolo, likapimwa damu, likachanjwa, likangojewa, ndipo likapewa ruhusa ya kuuzwa. Mfugaji wa Kiborana au wa Kisomali, aliyekuwa hajapata kuona mwanawe akitibiwa na daktari wa serikali, alikuwa amekwisha kuona ng'ombe wake wakipita mmoja mmoja mbele ya bwana wa mifugo, kila mmoja akichomwa, kisha akaachiliwa, na shauri likawa limekwisha.

Nimeyataja haya kwa sababu nimekusudia kuandika juu ya jambo ambalo kwa dhahiri haliungani nayo, nalo ni tarajio la mzazi mwenye mtoto aliyeumia ubongo kwamba iko dawa mahali fulani, isiyotazamiwa na mtu, itakayomrudisha mtoto wake alivyokuwa. Na dai langu ni kwamba tarajio hilo, katika nchi hii ya Isiolo, lilipewa umbo lake na sindano. Mzazi wa hapa hakufunzwa na tarikhi kungojea dawa inayotibu polepole. Alifunzwa kungojea dawa ya mara moja.

Somo hilo lilitiliwa nguvu kusini pia. Katika miaka ya 1920 idara ya tiba ya serikali ya kikoloni ilianza kupigana na buba, maradhi yale ya vidonda yaliyowatesa watoto na wazee katika sehemu za Kenya zenye unyevu, na dawa walizozitumia, za aseniki na za bismuthi, zilikuwa kali, tena zenye hatari zake. Lakini mtu aliyekuja na vidonda mwili mzima alichomwa sindano moja au mbili, na baada ya siku chache vidonda vikakauka mbele ya macho ya majirani. Hakuna hotuba ya mmisionari wala amri ya mkuu wa wilaya iliyopata kuisifu tiba ya Kizungu kama vilivyoisifu vidonda hivyo vilivyokauka. Watu wakamiminika, wakawa wanadai sindano kwa kila adha, ya kichwa, ya mgongo, ya tumbo, na maji ya chupa yaliyotiwa rangi na sukari wakayadharau. Huku Isiolo, ambako askari wa Kisomali waliotumikia jeshi la Mwingereza walipewa makazi baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, hapakukosekana watu waliokwisha kuzunguka dunia na kuiona sindano ikifanya kazi yake.

Ubongo wa mtoto, hata hivyo, ni habari nyingine. Huumia kwa njia nyingi: kwa kukosa pumzi wakati wa kuzaliwa, uzazi ulipokawia na mkunga akawa mbali, kwa umanjano wa siku za mwanzo ulioachwa ukapanda, kwa homa ya uti wa mgongo, kwa kuanguka kutoka juu ya ngamia, na kwa malaria, ambayo katika nchi kavu haikai mwaka mzima, bali hungoja mvua kubwa kisha huja kwa ghadhabu juu ya watu ambao miili yao haijazoea kupigana nayo, kama ilivyotokea Wajir mwanzoni mwa mwaka 1998 baada ya mvua za El Niño. Mtoto hushikwa na homa, akapigwa na degedege, akazimia. Na akiamka, kwa rehema ya Mola, huenda si yule. Shingo haisimami, mkono mmoja umekunjika kifuani, maneno aliyokuwa amekwisha kujifunza yamepotea, na kila baada ya siku kadhaa degedege hurudi bila homa, likawa sasa ni kifafa.

Mtoto wa namna hii, katika zama za cheti cha ruhusa, alipelekwa kwanza kwa maalim, aliyeandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, akaiosha kwa maji safi, na maji yale yakawa kombe la kunyweshwa kwa siku zilizotajwa. Alipewa habba soda iliyosagwa na kutiwa katika asali. Na kama degedege halikukoma, ulitafutwa moto: chuma chembamba kilitiwa makaani mpaka kikawa chekundu, mtoto akashikwa na wanaume wawili, chuma kikagusishwa upesi penye kipaji, utosini na nyuma ya shingo, kisha pakapakwa samli. Hata leo, ukimkuta mzee wa huko amevua kofia kwa ajili ya udhu, yamkini utayaona makovu yale, madogo, ya duara, kama punje za mahindi zilizopandwa chini ya ngozi. Moto nao, tuangalie, ni dawa ya mara moja.

Wala asicheke aliyesoma, kwa kuwa matabibu wa Ulaya katika jambo hili la ubongo hawakufika walipofika kwa njia iliyonyooka. Dawa ya kwanza iliyozuia kifafa kwa yakini, bromidi ya potasiamu, ilitangazwa London mwaka 1857 na Charles Locock, tabibu wa uzazi wa Malkia Victoria, ambaye aliwapa wanawake akiamini kwamba kifafa chao chatokana na ashiki isiyotawaliwa. Itikadi hiyo ilikuwa batili, dawa ikawa sahihi. Ya pili ni kisa kizuri zaidi. Mwaka 1912, katika hospitali ya mjini Freiburg, Ujerumani, daktari kijana aitwaye Alfred Hauptmann alikuwa akilala juu ya wodi ya wagonjwa wa kifafa, na yasimuliwa kwamba kelele za vitanda na za watu walioanguka usiku zilimnyima usingizi mpaka akaamua kuwapa wagonjwa dawa mpya ya usingizi, iliyouzwa na kampuni ya Bayer kwa jina la Luminal, ili wao walale naye alale. Walilala, na alipohesabu aliona kwamba hata mchana walianguka mara chache kuliko kwanza. Dawa ile ndiyo fenobabitali. Hauptmann mwenyewe, kwa kuwa alikuwa Myahudi, alitiwa katika kambi ya Dachau mwaka 1938, akaponea chupuchupu, akafia Boston mwaka 1948. Na kidonge chake kidogo cheupe, ambacho ni miongoni mwa dawa rahisi kabisa kwa bei katika hospitali yoyote ya Afrika, hadi leo ndicho cha kwanza kupewa mtoto wa kifafa kutoka Merti hadi Mtwara.

Katika Afrika Mashariki fenobabitali ilipata msimulizi wake Mahenge, Tanganyika, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, aliwakuta miongoni mwa Wapogoro watu wengi wenye kifafa, wakila peke yao, wakilala peke yao, wengine wana makovu ya moto kwa kuangukia mafiga, kwa kuwa mtu aliyeanguka motoni huogopwa hata kuguswa na wa kumwokoa. Akafungua kliniki, akawagawia vidonge, na wagonjwa wakawa wanatembea masafa marefu milimani kuvifuata. Miongo mitatu baadaye, katika wilaya ya Nakuru, madaktari waliwagawia watu 302 wenye kifafa, wengi wao hawajapata kutibiwa kabisa, ama fenobabitali ama dawa nyingine mpya iliyo ghali zaidi, wakiwatumia wahudumu wa afya wa kawaida wa vijijini. Na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1991 yalionyesha kwamba katika nusu ya pili ya mwaka zaidi ya nusu ya waliokamilisha tiba hawakuanguka hata mara moja, na kwamba kidonge cha zamani hakikushindwa na kipya.

Lakini kidonge hicho kina sharti, na sharti lenyewe ndilo linalogongana na maisha ya Isiolo. Hakiponyi jeraha; huzuia tu mtikisiko unaotoka katika jeraha, na huzuia kwa muda wote kinapomezwa, kila jioni, mwaka baada ya mwaka; na kikikatizwa ghafla degedege halirudi kama lilivyokuwa, bali huja kwa mfululizo, moja juu ya jingine, pengine mpaka kifo. Mganga wa zahanati hutoa vidonge vya mwezi mmoja. Mwezi wa mfugaji, katika kiangazi, hauko mahali pamoja: ng'ombe wamekwenda upande wa Sericho, ngamia wamekwenda kwingine, mama na watoto wadogo wamefuata maziwa, na kadi ya kliniki imebaki katika sanduku kwa shangazi mjini. Nimesikia wahudumu wakiwalaumu wazazi hawa kwa uzembe, nami sikubaliani nao hata kidogo, kwani dawa iliyotungwa kwa ajili ya watu wanaolala chini ya paa lile lile kila siku haina haki ya kumshangaa asiyelala hivyo.

Kisha palikuwa na masafa yenyewe. Uhuru ulipokuja, kizuizi cha sheria hakikuondoka, bali kilibadilishwa jina. Tarehe 28 Juni 1963 Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya wa kwanza Mwafrika wa Isiolo, aliuawa njiani pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Hali ya hatari ikatangazwa kaskazini kabla ya mwaka kwisha, na vita vya shifta, vya waliotaka kujitenga, vikaendelea hadi 1967, watu wakikusanywa katika vijiji vilivyolindwa, Garba Tula na Merti na kwingineko, ngamia wao wakipigwa risasi au kuchukuliwa. Mzazi wa miaka hiyo aliyetaka kumfikisha mtoto hospitali ya Kenyatta, Nairobi, alihitaji ruhusa na nauli na bahati. Wengi waliishia Maua kwa Wamethodisti, Chogoria kwa Wapresbiteri, au, baadaye, Wamba kwa Wakatoliki. Lami ya kwenda Moyale haikukamilika ila katika muongo uliopita.

Laiti ingekuwa kwamba dawa hukosekana kwa masafa tu, tarikhi hii ingekuwa nyepesi kusimulia. Kilifi, ambako taasisi ya KEMRI na shirika la Wellcome la Uingereza walianza kazi ya pamoja mwaka 1989, madaktari waliwaona watoto wengi wenye malaria ya ubongo wakipigwa na degedege ndani ya kuzimia kwao, na wakajua kwamba mtoto apigwaye sana na degedege ndiye aelekeaye zaidi kubaki na ulemavu. Basi hoja ikajengeka yenyewe, hoja ambayo mzazi yeyote angeikubali kwa mikono miwili, kwamba akichomwa fenobabitali mara aingiapo wodini, degedege litazuiwa na ubongo utasalimika. Sindano moja. Wakawagawa watoto 340 kwa kura, nusu wakachomwa dawa, nusu wakachomwa kisichokuwa dawa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2000. Degedege lilipungua kama walivyotaraji, kutoka watoto 27 katika kila mia hadi 11. Na waliokufa miongoni mwa waliopewa dawa walikuwa 18 katika kila mia, ilhali miongoni mwa wenzao walikuwa 8. Dawa ilikuwa imetuliza ubongo, ikatuliza na pumzi, hasa kwa watoto waliokuwa wamepewa pia dawa nyingine ya kuzuia degedege. Jambo linalonituliza mimi katika habari hii, ikiwa lipo, ni kwamba hesabu ilihesabiwa. Maana kama dawa ile ingetolewa kwa imani tu, wodi kwa wodi, kila muuguzi angekuwa shahidi wa kweli kwamba watoto walitulia, na waliokufa wangehesabiwa kuwa wamekufa kwa malaria.

Huo ndio upande ambao haufiki Isiolo. Upande ufikao ni ule wa maajabu, nao hufika upesi kuliko mgonjwa afikavyo Nairobi. Hutokea mama akaingia katika duka la dawa, mtoto mrefu wa miguu amefungwa mgongoni ingawa umri wa kubebwa umempita zamani, akafungua fundo katika pembe ya leso na kutoa kikaratasi kilichoandikwa jina la dawa, alilotumiwa na jamaa wa Eastleigh au wa Minneapolis.

"Daktari, hii iko?"

"Ya nani, mama?"

"Ya huyu."

"Hii ni ya usingizi, mama. Ya watu wazima. Huyu ana shida ya usingizi?"

"Hapana. Wanasema inaamsha."

Na wasemao hawakutunga. Mwaka 1999, katika mji wa Springs, Afrika Kusini, kijana aliyekuwa amegongwa na lori miaka mitano nyuma, naye tangu siku ile hasemi wala hatambui, alipewa kidonge cha usingizi kiitwacho zolpidemu kwa kuwa mamaye na daktari Wally Nel walidhani hatulii. Na badala ya kulala, katika muda usiofika nusu saa, aligeuza shingo na kumwamkia mamaye. Nel na mwenzake Ralf Clauss wakaandika habari za wagonjwa watatu mwaka 2006, magazeti ya dunia yakaichukua, na wazazi wa kila bara wakaanza kuuliza. Hatimaye wagonjwa 84 wakajaribiwa kwa utaratibu, na waliojibu dawa kwa yakini walikuwa 4. Wanne si sifuri. Kwa mama wa hao wanne ni dunia nzima, na kwa mama wa kikaratasi ni sababu tosha ya kuuza mbuzi. Hapo ndipo ugumu wa kumjibu ulipo, kwani akiambiwa hapana amedanganywa, na akiambiwa ndiyo amedanganywa zaidi.

Wako pia wazazi waliokataa kungoja. Lorenzo Odone, mtoto wa afisa Mtaliano wa Benki ya Dunia, alikuwa akiishi visiwani Ngazija na wazazi wake kabla ya kushikwa, mwaka 1984, na maradhi ya kurithi yanayokula utando wa mishipa ya ubongo. Baba na mama, wasio matabibu, walijifunza kemia katika maktaba mpaka wakapata mchanganyiko wa mafuta uliopewa jina la mtoto, na kijana wa Kikomoro aliyekuwa rafiki wa mtoto aliitwa kutoka visiwani akaja Marekani kumhudumia. Madaktari walikuwa wamempa mtoto miaka michache; alifariki mwaka 2008 akiwa na umri wa miaka 30. Mafuta hayakumrudishia maneno. Huenda yakawafaa zaidi wavulana waliozaliwa na maradhi hayo kabla dalili hazijaonekana, na wataalamu wameendelea kubishana juu ya hata hilo.

Kisa cha mwisho ni cha ngamia, nacho Isiolo ingeweza kudai kuwa ni chake. Wafugaji wa kaskazini wayajua vizuri maradhi ya surra: ngamia hukonda ilhali anakula, nundu yake hulegea na kulala, jike hutupa mimba, na nzi wakali wa msimu wa mvua hulieneza jambo hilo katika kundi zima. Dawa yake ya kale ni suramini, iliyotengenezwa na wanakemia wa Bayer mwaka 1916 katika ukoo wa rangi za kutia nguo, ikatibu ngamia na ikatibu binadamu wenye malale katika hatua ya kwanza, kabla vimelea havijaingia kichwani, kwa kuwa sifa yake moja kubwa ni kwamba haipenyi vizuri kuingia ubongoni. Karne moja baadaye, mjini San Diego, Robert Naviaux, akiwa na nadharia kwamba usonji unahusika na seli za mwili zinazokaa katika hali ya kujihami hata baada ya hatari kupita, aliwachukua wavulana 10 wenye usonji, watano akawapa dozi moja ya suramini kwa mshipa, watano akawapa maji ya chumvi, na mwaka 2017 akaandika kwamba waliopewa dawa walionyesha nafuu katika maneno na katika kuchangamana na watu, na kwamba nafuu hiyo ilififia baada ya wiki chache. Usonji si jeraha la ubongo, na watoto watano ni wachache mno kujengewa hoja yoyote. Lakini habari ina kila kitu anachokitaka mzazi wa huku: dawa aijuayo kwa jina tangu utoto wake, iliyo rafuni katika duka la dawa za mifugo, na inayochomwa mara moja.

Muuzaji wa duka hilo, akiulizwa kama sindano ya ngamia yamfaa mtoto, hana budi kukataa, kwani unga ulio katika kichupa chake hupimwa kwa uzito wa ngamia na huweza kuziharibu figo za mtu. Na mzazi, akivuka mji hadi hospitali ya kaunti, atapewa fenobabitali ya miligramu 30, kama ipo, ya kila jioni, na karatasi ya mazoezi ya kuunyoosha mkono uliokunjika.